Tawi la Kuibwa

Nyumbani kwetu kulikuwa na mpangaji asiyelipa kodi, asiyesema na mtu, na aliyeheshimiwa kuliko sisi sote. Alikuwa mmea. Ulianzia kwenye chungu cheusi karibu na mlango wa sebule, ukapanda ukutani kwa kushikiliwa na misumari midogo, ukafika darini, ukazunguka pembe zote, kisha ukarudi na kuning'iniza ncha yake juu ya redio. Majani yake yalikuwa ya kijani yenye michirizi ya njano. Alasiri, jua likiingia dirishani, sebule nzima iligeuka kijani, na mtu akikaa sana kwenye kochi alianza kusahau alichokuja kufanya.

Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyeupanda. Aliuacha pamoja na sheria zake, na Mama alizishika kuliko nilivyowahi kumwona akishika jambo lolote. Jani lisiguse sakafu. Jani jipya lisionyeshwe kwa kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, tumia kidevu. Mwenye hasira asiumwagilie maji. Habari ya nyumba, njema au mbaya, uambiwe mmea kwanza kabla ya jirani. Na sheria kubwa kuliko zote: tawi lake haliombwi wala halitolewi. Linaibwa. La kuombwa huoza, na bahati ya nyumba zote mbili huoza nalo. La kuibwa, mwenyewe akiwa amelala, huota na kubeba baraka mpaka linakokwenda, wala halipunguzi kitu linakotoka. Na mwizi asishukuru.

"Mimi mambo haya siyaamini," nilikuwa nikimwambia Mama.

"Hakuna aliyekuuliza. Sogeza kiti chako, kinabana jani."

Mimi ni fundi wa mapazia. Cherehani yangu iko kwenye chumba kinachopakana na sebule, na mlango wa katikati haufungwi, kwa hiyo kila kinachosemwa huku kinasikika kule. Kazi yangu ni kuwapimia watu giza wanalolitaka: huyu anataka chumba cha kulala cheusi tii, yule anataka mwanga upite lakini jirani asipite nao. Nina ulimi mkali. Mama husema niliuchukua kwenye sindano. Nawaeleza haya mapema ili msije mkadhani ni mtu laini anayewasimulia.

Bibi alipofariki, Mama na mdogo wake waligawana vitu bila hata kuinuliana sauti. Sufuria huku, kabati kule, saa ya ukutani kwa huyu, kioo kwa yule. Mmea ulibaki palepale, maana nani angeubandua darini? Mama mdogo alisimama chini yake, macho yamemvimba kwa kulia, akasema, "Dada, nikatie kijitawi niende nacho."

"Siwezi kukukatia," Mama akajibu. "Unajua hauombwi."

Alichokuwa anasema Mama ni: niibie basi, mpumbavu wewe, nitajilaza kidogo. Alichosikia Mama mdogo ni mlango unafungwa usoni kwake. Akajifunga mtandio, akasema hajawahi kuwa mwizi katika nyumba ya mama yake na hataanza uzeeni, akaondoka. Mama akasubiri aibiwe. Mdogo wake akasubiri apewe. Wakasubiriana hivyo mpaka kusubiri kukageuka kununiana.

Walikaa mitaa ya jirani. Wakikutana dukani, kila mmoja alianza kusoma maandishi ya pakiti ya chumvi kama gazeti. Salamu zilipita kwangu. "Mwambie mama yako mdogo mvua inakuja, aanue nguo zake," Mama angesema. Nami ningefika kule nikitweta, niambiwe, "Mwambie mama yako mawingu nimeyaona kabla yake." Miaka ikapita mimi nikiwa posta.

Mama mdogo ana mtoto mmoja, tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Ni mdogo wangu. Tumeogeshwa kwenye karai moja. Mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba, na mimba zake za kabla ya hiyo zote zilikuwa zimeharibika. Daktari akamwambia alale mpaka siku yake, asinyanyue hata birika. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, barabara inamjua kuliko sisi, kwa hiyo Kidoti akarudi kwa mama yake. Akalazwa kwenye kitanda kando ya dirisha, katika chumba cha kuta nyeupe zisizo na kitu.

Nilimkuta siku moja ameangalia ukuta.

"Dada, humu hakuna kinachosogea," akaniambia. "Nimezijua nyufa zote, nimezipa na majina. Niletee tawi la mmea wa Bibi. Nataka nikiamka nione kitu kinachokua."

Nikacheka ili nisilie. Yeye hakucheka.

"Mama anasema nyumba hii haina bahati tangu Bibi afe. Zamani nilikuwa nambishia. Siku hizi nashindwa." Akaweka kiganja tumboni, akakiacha hapo. "Naogopa, dada. Naogopa mpaka kupiga chafya."

Siamini mambo ya mimea, lakini macho ya mtu anayeogopa nayaamini. Nilirudi nyumbani, nikasubiri Mama aende kuoga, nikakata ncha iliyoning'inia juu ya redio, nikaitia kwenye gilasi na kuipeleka mbio chini ya mtandio. Mama mdogo alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu, ahsante sana," akasema, kisha akajiziba mdomo. Alikuwa amekwisha kushukuru.

Tawi likaoza. Halikuoza kwa haraka. Lilianza kulainika shina, maji yakawa na ukungu, jani likawa la rangi ya chai. Kidoti alikuwa amelala ubavu akilitazama kutwa. Nilipokwenda kumwona aliniomba niliondoe, kisha akageukia ukutani na kulia kimyakimya, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Nikajilaumu, nikamlaumu Bibi, nikaulaumu na mmea. Nilikuwa nimekwenda kumwondolea hofu nikamwongezea.

Jikoni, Mama mdogo alikuwa akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Si kosa lako," akasema. "Wewe ni mtoto wa nyumba. Ulichukua chako, hukuiba. Na mimi na mdomo wangu nikashukuru."

"Basi kaibe mwenyewe."

"Mama yako halali mchana. Tangu utoto wetu halali mchana. Bibi alikuwa akitulaza alasiri, mimi nazama usingizi wa pono, yeye anahesabu nzi."

"Akilala, utakuja?"

Akaacha kusugua. Nilimwona akimeza kiburi chake, na hakikuwa tonge dogo. "Kwa mwanangu," akasema, "nitaiba hata kofia ya askari kichwani mwake."

Hapo ndipo nilipoingia kazini. Nilikuwa na kitambaa kizito cha buluu kilichobaki kwa mteja mmoja, nikakitia bitana nene nyuma, nikashona mapazia ya sebule marefu mpaka chini, mapana kiasi cha kupishana katikati. Nilipoyatundika, mchana ulizimika. Mwanga uliobaki ulipenya kwenye buluu na kuchanganyika na kijani cha majani, sebule ikawa kama chini ya maji. Hata mlio wa saa ulionekana kutoka mbali. Mimi mwenyewe nilipiga miayo nikiwa bado juu ya kiti.

Mama akaja, akasimama katikati, akatazama kulia na kushoto.

"Nani anahamia pangoni?"

"Jua linachubua makochi, Mama."

"Makochi yamechubuka wewe hujazaliwa." Akaketi. Akavuta shati la kubandika vifungo, akatunga uzi kwenye giza lile bila hata kukodoa, akakaa anashona alasiri nzima akiwa macho makavu. Nilimpikia wali mwingi akala. Nilimpa maziwa ya moto akanywa. Nilimwekea kwenye redio kipindi cha kilimo, akasikiliza kwa makini habari za mbolea akaanza kuniuliza maswali. Siku ikapita, nyingine ikafuata. Kule kwa Mama mdogo, Kidoti alikuwa amekataa kula.

Nikachoka. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka jambo.

"Mama," nikasema, "Kidoti anaogopa mpaka hali. Aliniomba tawi. Nilikata mimi, likaoza mbele ya macho yake. Sasa ameweka moyoni kwamba na mtoto ataoza."

Mama hakuinua uso kwenye shati. Sindano ilikaa hewani.

"Ulikata ya juu ya redio," akasema. "Niliona. Nikadhani mkasi wako umeipitia kwa bahati mbaya katika pilika zako." Akaishusha sindano. "Anamwogopea mtoto."

"Ndiyo."

"Na mama yake je?"

"Anasugua sufuria safi."

Mama akachoma sindano kwenye kitambaa, akainuka, akaenda kusimama chini ya mmea. Nilimsikia akinong'ona nao. Sheria ni sheria, habari ya nyumba uambiwe wenyewe kwanza. Alisimama pale muda mrefu, kisha akapita kwenda chumbani kwake bila kuniangalia.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana alitoka amevaa gauni lake la kushindia, akaketi kwenye kochi, akavua kandambili akazipanga pembeni. Akavuta kigoda akakisogeza karibu na chungu, mahali ambapo mtu mwenye goti bovu angeweza kukalia. Mama mdogo ana goti bovu.

"Leo nasikia usingizi," akatangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. "Usingizi mzito sana. Mlango wa mbele usiufunge, hewa ipite. Mkasi wako mkubwa uko wapi? Uache pale juu ya kigoda. Wa jikoni ni butu, unaponda." Akajinyoosha. "Na wewe usizubae hapo, nenda kwenye kazi yako."

Nilipiga simu nikiwa nimejibanza nyuma ya cherehani. "Amelala," nikasema, na sauti ikanikatika katikati, sijui ni kicheko au nini.

Mama mdogo alikuja bila kupiga hodi, kama inavyompasa mwizi. Nilikuwa nimeketi kwenye chumba changu na pindo la pazia magotini, nikishona kwa mkono ili nisikie, na kupitia mlango wa katikati niliona kila kitu. Alivua viatu nje. Aliingia kwenye buluu ile polepole, mkono mmoja mbele, akipapasa hewa. Alikuwa hajakanyaga sebule ile tangu walipogawana vitu. Akainua uso kutazama dari, majani yanayozunguka pembe zote, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Kwa kitambo alisahau alikuja kufanya nini, kama kila mtu anayeingia pale.

Mama akakoroma.

Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote, na hajawahi kukoroma. Ulikuwa mkoromo wa kusikitisha, wa mtu aliyesikia habari za kukoroma kwa watu wengine. Mama mdogo alishtuka, akamtazama, na nina hakika alijua. Wote watatu tulijua. Lakini macho ya Mama yalikuwa yamefumbwa, na kwa sheria za Bibi hilo linatosha.

Akaketi kwenye kigoda. Akaona mkasi. Akaushika.

Pale chunguni mmea ulitoka mashina mawili yaliyosokotana: moja nene, la zamani, ndilo lililopanda ukutani na kubeba dari nzima, jingine jembamba, changa, lililoning'inia pembeni. Hilo jembamba ndilo alilolitaka. Aliinama, akalipapasa gizani, akaingiza mkasi chini kabisa karibu na udongo.

Mkasi ukikata kitambaa kimoja, hupita kwa sauti moja laini. Ukikutana na kitambaa kilichokunjwa husita, hukusanya nguvu, kisha huuma. Nimeisikia sauti hiyo kila siku tangu nijifunze kazi, sihitaji kuangalia. Mkasi wa Mama mdogo ulisita. Kisha ukauma.

Mkoromo ulikatika.

Nilimwona Mama usoni. Macho hayakufunguka, ila vidole vya mkono wake vilikuwa vimeshika ukingo wa kochi mpaka vimekuwa vyeupe. Naye alikuwa ameisikia. Neno moja tu lingetosha, "Ngoja!", na pengine nusu ya shina ingesalimika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kunyanyuka, pindo limeanguka chini. Kisha Mama akavuta pumzi, akaanza kukoroma tena, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Nikakaa.

Mama mdogo hakujua. Alivuta kitawi chake chembamba, kikatoka vizuri, na lile shina nene likabaki limesimama palepale likishikwa na misumari ya ukutani, limekatika kwa chini bila mtu kuona. Akafunga tawi kwenye mtandio. Hakushukuru. Alipokuwa anapita kwenye kochi aliona miguu ya dada yake iko wazi, akachukua kipande cha kitambaa cha buluu kilichokuwa mgongoni mwa kiti, akaifunika na kuchomeka vizuri chini ya visigino. Akasimama hapo kidogo. Kisha akaondoka na viatu vyake mkononi.

Tuliposikia geti likifungwa, Mama akafungua macho akatazama dari.

"Amekata yote," akasema.

"Nimesikia. Kwa nini hukuamka?" Nilikuwa na hasira hasa, sijui kwa nani. "Ni mmea wa Bibi, Mama! Ungeamka!"

"Ningeamka lingekuwa la kuombwa." Akajifuta jicho kwa ncha ya kile kitambaa cha buluu. "Na la kuombwa linaoza. Wewe si ulisema Kidoti anaogopa?"

Nikayang'oa yale mapazia mazito siku hiyohiyo. Nikaleta gilasi, makopo, mitungi, kila chombo kilichokuwa jikoni. "Tukate vipande tuvitie majini," nikasema. "Vitatoa mizizi, mambo yatakwisha."

Mama akaniwekea mkono kifuani. "Usiguse. Amekata shina lenyewe, kwa hiyo bahati yote imebebwa, iko njiani kwa Kidoti. Nikianza kuotesha huku nitakuwa naivuta irudi. Hatuoteshi kitu mpaka mtoto alie."

"Mama, utakufa wote."

"Ufe." Alisema hivyo akiwa amesimama wima, kisha akaketi na kuanza kukikunja kile kitambaa cha buluu. "Na mama yako mdogo asijue. Ukimwambia, mimi na wewe tutakosana, na unajua nikikosana na mtu huwa sina haraka."

Mmea uliondoka taratibu. Kwanza yalilegea majani ya juu ya redio, halafu ya pembe ya mbali, halafu ule ulegevu ukarudi nyuma kufuata dari mpaka mlangoni. Kijani kilitoka sebuleni kidogokidogo. Alasiri ilikuwa nyeupe kama alasiri ya nyumba yoyote. Majani yalianza kudondoka, na Mama aliyaokota kabla hayajatulia sakafuni, akiwa na beseni, akinyoosha mkono huku na huku na kuyadaka. Kile kisiki cha chunguni alikimwagilia maji asubuhi na jioni, kwa huzuni tu, mpaka kikaoza. Bado alikuwa akikipa habari.

Na habari zilikuwapo. Kidoti alipiga simu kila siku. Mama alikuwa akiniamuru niweke sauti ya juu, kisha anajifanya anapangusa meza.

"Dada, limetoa mzizi! Mweupe, mwembamba kama uzi!"

"Hongera," nikasema. Mama alikuwa ameshika konzi ya majani makavu.

"Dada, limetoa jani. Lilikuwa limejikunja, leo limefunguka. Nimelionyesha kwa kidevu, sikutumia kidole. Nimekula ndizi tatu."

"Mwambie ale na mboga," Mama akanong'ona.

"Dada, Mama mkubwa hajambo? Mmea wake je?"

Mama akanitazama. "Upo," nikasema. "Umejaa tele."

Nilipokata simu nilikwenda kukaa chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Nilikuwa nikiucheka mmea ule maisha yangu yote, nikiuita mpangaji, na sasa nilikuwa nautamani kama mtu. Nilitamani hata zile kelele za "sogeza kiti". Mama hakuwa akinikaripia tena, maana hakukuwa na jani la kubanwa.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya jua kali. Wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mama mdogo alipiga simu mwenyewe, na hakunitafuta mimi. "Mpe dada," akasema. Nikampa. Mama aliisikiliza simu akiwa amefumba macho. Kule ng'ambo hakukuwa na maneno, ila kilio cha kichanga. Alipomaliza alinirudishia, akaenda chunguni, akakiambia kile kisiki kilichooza, "Amelia. Umesikia? Amelia." Kisha ndiyo akalia na yeye.

Siku Kidoti aliporuhusiwa kutoka hospitali tulikwenda kumwona. Mimi nilikuwa nimeshona pazia dogo jepesi la dirisha lake. Mama alikuwa na mkoba wake mkubwa, ameubana kwapani, hataki nimsaidie kuubeba.

Kile chumba sikukijua. Tawi lilikuwa limekwisha kuhamishwa kwenye kopo la udongo dirishani, limeota, limeshika komeo la dirisha na kuanza kuufuata ukuta, juu ya zile nyufa zenye majina. Jua lilipita kwenye majani na kutua kitandani. Kidoti alikuwa amelala hapo na mtoto kifuani, wote wawili wamekuwa kijani kidogo. Mama alisimama mlangoni akashindwa kuingia.

"Karibu, dada," Mama mdogo akasema.

"Nimekaribia."

Wakakaa, mmoja huku mmoja kule, mikono magotini, kama wageni kwenye ofisi. Waliulizana hali. Walisema joto limezidi. Mama alimpakata mtoto, akamtazama vidole, akasema ana mikono ya Bibi, akanikabidhi mimi haraka kabla uso haujamharibikia.

"Na mmea wako?" Mama mdogo akauliza. "Unaendeleaje?"

"Upo," Mama akasema, akitazama sakafu.

Alikuwa ameuweka mkoba miguuni, na mkoba ulikuwa umefunguka mdomo. Ndani yake, kati ya nguo za mtoto, zilionekana pete za mkasi wangu mkubwa na kitambaa kilicholoweshwa maji, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Mama mdogo aliviona. Nani huenda kuona mtoto na mkasi na kitambaa kibichi? Alivitazama, akamtazama dada yake, kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeapa kutosema, na sikusema. Nilitazama tu dari yao, nikazungusha macho pembe zote, nikatikisa kichwa.

Rangi ilimtoka. Niliona kumbukumbu ikimrudia mkononi: giza la buluu, mkasi uliosita, ule mkoromo uliokatika halafu ukarudi kwa nguvu. Midomo yake ikaanza kuumba neno. Nikajua ni neno gani, na nikajua akilitamka yote yatakuwa yamekwenda bure, maana angekuwa ameomba radhi, na Mama angejibu, na mwisho wake lingekuwa tawi la kupewa.

Akalimeza.

"Jamani," akasema badala yake, "usingizi huu nilionao! Mchana mchana! Sijui ni joto?" Akajitupa kwenye mkeka kando ya kitanda, na goti lake bovu, akajinyoosha, akafumba macho. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni yakielekea masikioni. Na papo hapo akaanza kukoroma. Alikoroma vibaya kumshinda Mama, na mimi nilikuwa nimedhani haiwezekani.

Mama alikaa amekodoa macho. Halafu akafungua mkoba.

Alikwenda dirishani akinyata, mzee mzima, mtandio umemshuka begani. Alipapasa tawi kwa vidole kwanza, akalifuata mpaka chini, akalifuata tena kuhakikisha shina lenyewe haliguswi. Mkasi ulipita kwa sauti moja laini. Akalizungusha kwenye kitambaa kibichi akalitia mkobani. Aliporudi alipita kwenye mkeka, akaona miguu ya mdogo wake iko wazi, akavuta shuka la Kidoti akaifunika, akachomeka chini ya visigino.

Kidoti alikuwa amefumba macho zamani, anang'ata shuka asicheke. Aliyebaki ni mtoto. Alikuwa mikononi mwangu, macho wazi, ameyakaza kwa bibi yake mwizi. Nikamwekea kiganja juu ya macho, kisha nikafumba na mimi.